Sumaku ya Jokofu

Nimeondoka na sumaku ya jokofu,
ile yenye mnara wa taa wa Whitby,
nimeitia mfukoni kimyakimya
kama anayejiibia mwenyewe.
Kaka yangu Emrys alishanionya kwa simu:
"Usinunue mbuzi kwenye gunia, Gwenllian.
Magari yale yalizaliwa yakivuja.
Likiacha kuvuja oili, jua oili imekwisha."

Ludlow, asubuhi ya Machi. Hata anga linavuja.
Bwana Thackray anasukuma mlango wa gereji kwa bega,
analifunua blanketi la sufu polepole
kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Triumph Spitfire, mwaka sabini na tatu,
rangi ya haradali iliyokaukia kwenye sahani.
Milango miwili, viti viwili.
Hapana nafasi ya mjukuu, wala mbwa, wala gunia la mbolea.
Gari la mtu na mtu mwingine mmoja.
Nami ninaye, huyo mwingine?
Hilo silo swali nililokuja nalo.

Boneti inafunuka kwa mbele, yote,
kama kiboko anayepiga mwayo.
Kabureta pacha zimesuguliwa hadi zikakuonyesha uso wako.
Anavuta choki. Injini inakohoa,
inakohoa,
inatema moshi wa buluu, kisha inakubali.

Ya kale dhahabu, husema watu
ambao hawajapiga magoti chini ya gari la kale.
Mimi nimepiga, tochi mdomoni.
Bampa: sumaku inanasa.
Tao la gurudumu: inanasa.
Kizingiti, chini ya mlango wa kushoto:
inaanguka.
Narudia. Inaanguka tena,
mnara wa Whitby kifudifudi kwenye saruji.

"Hapo ni puti," asema kabla sijauliza.
"Niliziba mwenyewe, mwaka tisini na nne.
Marjorie alikuwa amelazwa Shrewsbury."
Haongezi neno.
Miaka thelathini na moja nimekuwa muuguzi;
nawajua wanaume wanaoziba kitu kimoja
kwa sababu kingine hakizibiki.

Pauni elfu nane na mia tano.
Paa langu nyumbani linadai elfu saba na mia tisa,
na mwenye kudai yote mawili ni mvua ileile.
Nikokotoe hivi, nikokotoe vile,
ama nilowe kitandani
ama nilowe barabarani, nimevaa kofia nzuri.
Kutu nayo haipigiwi hesabu. Kutu hula usiku,
na asubuhi haisemi imeshiba.

"Keti," ananiambia. "Magoti yangu hayakunjiki tena.
Ndiyo sababu nauza. Usitafute nyingine."

Gari hili huliingii. Unalishukia,
kama beseni la kuogea, mguu mmoja kwanza,
halafu unamwachia Mungu kiuno.
Usukani mwembamba. Dashibodi ya mbao, imepasuka
mahali ambapo mtu aliwahi kuweka kikombe.
Nikiwa humo naiona dunia kwa kimo cha miaka saba:
majani, matundu ya maji machafu,
na magoti ya Bwana Thackray
yanayotetemeka ndani ya suruali iliyopigwa pasi
kwa ajili yangu, au kwa ajili yake, gari.

Nakanyaga klachi. Ni nzito kama kumwinua mgonjwa.
Naingiza gia ya kwanza, naitoa.
Mkono unachelewa kurudi.

"Niache nifikiri," nasema.
"Fikiri," asema. "Ila njoo mchana.
Asubuhi huwa gumu kuwaka."

Jioni, jikoni, mfuko wa koti mtupu.
Nilikiokota kile kimnara, naam, nakumbuka,
nikakibandika mlango wa kulia, penye chuma cha kweli,
ili mikono yote miwili ipate kushika usukani.

Na bei ya fundi wa paa, iliyokuwa ikishikiliwa nacho,
imedondoka, imeteleza chini ya jokofu.
Ncha tu ya karatasi inachungulia.

Siinami kuiokota.
Magoti nayawekea akiba.